Wayahudi wanasoma Agano la Kale lile lile tunalosoma sisi?

Kinubi (mtoa mada)

Wakuu, habari zenu. Naandaa somo la jumuiya kuhusu Uyahudi na Ukristo, nimekwama mahali ambapo watu wengi hupita juu juu: kitabu ambacho dini zote mbili zinakikubali. Ukiuliza unajibiwa "Wayahudi wana Agano la Kale, sisi tuna yote mawili", basi. Lakini ukiweka toleo la Kiyahudi kando ya Union Version, mambo hayalingani. Lao lina vitabu 24, letu 39, la Wakatoliki 46. Malaki sura ya 4 kwao haipo. Mika 5:2 kwao ni mstari mwingine. Hata Amri Kumi: Mkatoliki akitaja "amri ya sita" kila mtu anajua anasema nini, kumbe kwa Mwanglikana hiyo ni ya saba. Wayahudi wao wanahesabuje?

Mengine mawili. Myahudi wa leo anafuata yaliyoandikwa mle kama yalivyo, jicho kwa jicho na kadhalika? Na Pasaka: mwaka 2024 sisi tulisherehekea tarehe 31 Machi, wao wakaanza jioni ya 22 Aprili. Kama Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka yao, hizo wiki tatu zimetoka wapi? Naomba mistari na tarakimu. Jibu la "kila mtu na imani yake" ninalo tayari.

---

Karani wa Mafunjo

Nianze na hesabu, ndiyo nyepesi. Tanakh ni jina lililofinyangwa kwa herufi za mwanzo za mafungu matatu: Torah (Torati), Nevi'im (Manabii) na Ketuvim (Maandiko). Torati ina vitabu 5. Manabii ni 8: Yoshua, Waamuzi, Samweli, Wafalme, Isaya, Yeremia, Ezekieli, na "wale Kumi na Wawili", yaani Hosea hadi Malaki, ambao wote ni kitabu kimoja. Maandiko ni 11: Zaburi, Mithali, Ayubu, Wimbo Ulio Bora, Ruthu, Maombolezo, Mhubiri, Esta, Danieli, Ezra pamoja na Nehemia, na Mambo ya Nyakati. Jumla 24.

Sasa pasua. Samweli viwe viwili, umeongeza 1. Wafalme 1, Mambo ya Nyakati 1, Ezra na Nehemia watengane 1, wale Kumi na Wawili kila mmoja asimame peke yake, 11. Umeongeza 15, na 24 + 15 ni 39. Hakuna hata neno moja lililoingia wala kutoka. Kwa hiyo kati ya Myahudi na Mprotestanti yaliyomo ni yale yale.

Mpangilio ndio wenye uzito, na hapo mada nyingi huteleza. Tanakh zinazochapwa leo huishia 2 Mambo ya Nyakati 36:23, Koreshi mfalme wa Uajemi anawaachia watu warudi Yerusalemu kujenga nyumba ya Mungu, na neno la mwisho kabisa la kitabu ni "na apande". Agano la Kale la Wakristo linaishia kwa Malaki, ahadi ya kuja kwa Eliya. Ukifungua ukurasa unaofuata unakutana na Mathayo, na baada ya kurasa chache Yohana Mbatizaji yuko jangwani. Kitabu kimoja kinakuacha njiani kwenda Yerusalemu, kingine kinakuacha unamngoja mtu.

Mathayo 23:35 panatajwa damu ya Habili hadi damu ya Zekaria. Habili yuko Mwanzo 4, na Zekaria aliyeuawa uani mwa hekalu yuko 2 Mambo ya Nyakati 24:20-22. Wasomi wengi husema hiyo ni sawa na kusema "tangu kitabu cha kwanza hadi cha mwisho", kwa mpangilio wa Kiyahudi. Ila usiukaze sana huo msumari. Mathayo anamwita mwana wa Barakia na Nyakati inasema mwana wa Yehoyada, halafu hati maarufu ya Leningrad, nakala ya Tanakh ya mwaka 1008, inaweka Mambo ya Nyakati mwanzoni mwa Maandiko, siyo mwishoni.

Danieli pia. Kwetu ni nabii mkubwa wa nne, kwao yuko kwenye Maandiko, na Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, yaani walimu wao wa dini (Megila 3a), inasema wazi kwamba hakuwa nabii. Ukijenga hoja na Myahudi juu ya "unabii wa Danieli" ujue umeanza na neno ambalo yeye hajalikubali.

---

Nanga

Kwa hiyo kumbe vile 7 vya Wakatoliki Wayahudi waliviondoa makusudi kwa sababu vinamtaja Yesu. Hili linafahamika, sijui kwa nini watu wanazunguka.

---

Karani wa Mafunjo

Nanga, taja mstari mmoja ndani ya vile 7 unaomtaja Yesu, halafu tuendelee.

Vitabu vyenyewe ni Tobiti, Yudithi, 1 na 2 Wamakabayo, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, pamoja na vipande vya Esta na Danieli. Wakristo wa mwanzo walisoma Maandiko kwa Kigiriki, katika tafsiri iitwayo Septuaginta, na mikusanyo hiyo ya Kigiriki ilibeba vitabu hivyo. Marabi walishika orodha ya Kiebrania. Waprotestanti katika karne ya 16 walirudi kwenye orodha hiyo hiyo ya Kiebrania, na Wakatoliki wakaithibitisha ile ndefu kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1546. Biblia Habari Njema huchapwa kwa namna mbili, yenye hivyo vya deuterokanoni na isiyokuwa navyo, kwa hiyo ukinunua angalia yaliyomo kwanza.

Kichekesho chenyewe ni Hanuka. Sikukuu ni ya Wayahudi, lakini kisa cha kutakaswa hekalu tarehe 25 Kislevu kiko 1 Wamakabayo 4:52-59, ndani ya Biblia ya Mkatoliki, na ndani ya Tanakh hakimo. Yohana 10:22 pia Yesu yuko hekaluni kwenye sikukuu hiyo hiyo. Ule muujiza wa mafuta ya siku moja kuwaka siku nane Wamakabayo hawausemi, uko kwenye Talmudi, Shabati 21b.

---

Dada Zeri

Naomba nimjibu mtoa mada kuhusu namba za mistari, maana hapa watu hugombana kutwa nzima kumbe kila mmoja ameshika toleo lake.

Sura hazikuwapo mwanzoni. Mgawanyo tulio nao hutajwa kuwa kazi ya Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, juu ya Biblia ya Kilatini, na Wayahudi waliuchukua baadaye. Ila mahali fulani walikata tofauti. Anayelinganisha Union Version na toleo la Kiyahudi ashike haya:

Malaki 4:1-6 ni 3:19-24 kwao.
Yoeli 2:28-32 ("nitamimina roho yangu") ni 3:1-5, na sura yetu ya 3 ni ya 4 kwao.
Mika 5:2 (Bethlehemu Efrata) ni 5:1.
Isaya 9:6 ("mtoto amezaliwa") ni 9:5.
Yona 1:17 (samaki) ni 2:1.
Hosea 1:10 ni 2:1.

Zaburi ndizo zinazosumbua zaidi kwa sababu kwao kichwa cha zaburi ni sehemu ya mistari. Kichwa kikiwa kifupi, kama cha Zaburi ya 23, kinakaa ndani ya mstari wa 1 na hakuna kinachosogea. Kikiwa kirefu kinakuwa mstari wa 1, hivyo ongeza 1 kwa kila namba yetu, mfano Zaburi ya 3. Zaburi za 51, 52, 54 na 60 vichwa vyake vinakula mistari miwili, ongeza 2. "Unirehemu" ya Zaburi 51:1 utaikuta 51:3, na zaburi nzima ina mistari 21 badala ya 19. Kosa la kawaida ni kuongeza 1 kwa zaburi zote kama dawa ya mseto. Angalia kichwa kwanza.

Amri Kumi. Maneno ni yale yale (Kutoka 20, Kumbukumbu la Torati 5), kinachotofautiana ni mahali pa kukata. Kwa Wayahudi "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri" ndilo neno la kwanza, peke yake. La pili ni miungu mingine na sanamu kwa pamoja. Waanglikana, Wasabato na Wareformed (wa mapokeo ya Kalvini) wanafanya miungu mingine ya kwanza na sanamu ya pili. Wakatoliki na Walutheri wanaunganisha yote hayo kuwa ya kwanza, halafu ili wafike kumi wanapasua "usitamani" kuwa mbili. Hata hao wawili wanapishana: Mkatoliki anamweka mke wa jirani katika ya tisa kufuata Kumbukumbu, Mlutheri ya tisa yake ni nyumba kufuata Kutoka.

Kwa hiyo "usizini" ni ya sita kwa Mkatoliki na mtu wa KKKT (Mlutheri), ni ya saba kwa Mwanglikana, Msabato na Myahudi. Sabato ni ya tatu kwa wale, ya nne kwa hawa. Ukiwa na jumuiya mchanganyiko usitaje namba, taja amri yenyewe.

---

Kalamu Tatu

Swali la "anafuata kama yalivyo?" jibu ni hapana, na hii ndiyo tofauti kubwa kuliko hesabu ya vitabu. Mkristo anasoma Agano la Kale kupitia Agano Jipya. Myahudi wa marabi analisoma kupitia Torati ya mdomo: Mishna, iliyokusanywa na Yehuda ha-Nasi kama mwaka 200 B.K., na Talmudi iliyofuata, yenye karatasi 2,711 katika ile ya Babeli. Anayesoma karatasi moja kila siku anamaliza kwa miaka saba na miezi kadhaa.

Chukua hilo jicho. Talmudi (Baba Kama 83b-84a) inasema maana yake ni fidia ya fedha. Hoja mojawapo ni Hesabu 35:31: imekatazwa kupokea fidia kwa uhai wa muuaji, basi kwa kiungo inaruhusiwa. Nyingine ni ya kimahakama kabisa: kipofu akimpofusha mtu, utamtoa jicho gani? Malipo yana vifungu vitano: hasara ya kiungo, maumivu, matibabu, siku za kazi alizopoteza, na aibu. Hasara ya kiungo hupimwa kwa kuuliza mtu huyo angeuzwa bei gani sokoni kama mtumwa kabla ya kuumia na baada.

Aibu nayo ina bei yake. Mishna (Baba Kama 8:6) inatoza zuzi (sarafu za fedha) 200 kwa kofi na 400 kwa kofi la mgongo wa mkono. Sasa rudi Mathayo 5:39, "shavu la kuume". Mtu anayetumia mkono wa kulia akikupiga shavu la kulia, amekupiga kwa mgongo wa mkono, ndiyo maana wafafanuzi wengi wanaona Yesu anazungumzia tusi zaidi ya maumivu. Marabi wanasema lile tusi lilipwe mara mbili, Yesu anasema usilidai. Tofauti ipo, lakini siyo ile ya "wao ni kisasi, sisi ni upendo" inayohubiriwa kila mwaka.

Mfano wa pili ni wa jikoni. Torati inakataza mara tatu kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye (Kutoka 23:19, 34:26, Kumbukumbu 14:21). Kutoka hapo marabi wamejenga: nyama yoyote isipikwe wala kuliwa na maziwa, kuku naye akaingizwa, sufuria na vijiko viwe seti mbili, na baada ya nyama wengi wanasubiri saa sita kabla ya kunywa hata chai ya maziwa. Kwenye Biblia hutaikuta hiyo seti ya pili ya vijiko.

Ushahidi mzuri uko hapa jirani, Mbale, Uganda. Semei Kakungulu mwaka 1919 aliamua kufuata yale ya Agano la Kale, akatahiriwa yeye na wanawe, na jumuiya ya Abayudaya ikaanzia hapo, na Biblia ya Kiganda mkononi. Kitabu walikuwa nacho chote. Walichokosa kilikuja mwaka 1920 na Myahudi mmoja mgeni, Yosef, aliyewafundisha kalenda, uchinjaji na namna ya kushika sikukuu.

Jambo moja la mwisho kuhusu kitabu chenyewe kama kitu cha kushika. Mkristo akisoma somo kanisani kwa Biblia ya kuchapwa hakuna shida. Torati ya sinagogi lazima iwe gombo la ngozi ya mnyama halali, lililoandikwa kwa mkono, herufi 304,805, bila irabu. Herufi moja ikikosekana gombo zima halifai kusomwa hadharani. Herufi mbili zikigusana pia halifai, maana kila herufi inatakiwa izungukwe na ngozi tupu pande zote. Herufi ikitiliwa shaka anaitwa mtoto anayejua herufi lakini bado hajawa mjanja wa kubahatisha kutokana na sentensi, anaulizwa hii ni nini. Akikosa, gombo linapelekwa kwa mwandishi. Na kama mwandishi amekosea katika jina la Mungu, hakuna kufuta: kipande hicho cha ngozi kinatolewa na kuzikwa.

---

Mwezi Mpevu

Pasaka niachieni mimi.

Kalenda ya Kiyahudi inafuata mwezi, lakini lazima Nisani, mwezi wa Pasaka, iangukie majira ya kuchipua. Miezi 12 ya mwandamo inapungukiwa na mwaka wa jua kama siku 11, kwa hiyo katika kila miaka 19, miaka 7 inaongezewa mwezi mzima, Adari ya pili: mwaka wa 3, 6, 8, 11, 14, 17 na 19. Kujua, gawa mwaka wao kwa 19 uangalie baki. 2024 ilikuwa 5784. 19 × 304 ni 5776, baki 8. Mwaka mrefu. Adari ya pili ikaingia, Nisani ikasukumwa mbele, Pasaka ikaanza jioni ya 22 Aprili.

Wakristo tangu Mtaguso wa Nisea, 325, waliacha kungoja kalenda ya Wayahudi. Kanuni iliyokaa ni hii: chukua mwezi mpevu wa kikanisa (unaopatikana kwa jedwali, si kwa kutazama angani) unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kisha Jumapili inayofuata. 2024 mwezi huo ulikuwa 25 Machi, Jumatatu, basi Jumapili ni 31. Kwa maneno mengine kanisa lilichukua mwezi mpevu wa Machi na Wayahudi wakachukua unaofuata, ndizo wiki zako tatu. Mwaka 2025 mwezi mpevu wa kikanisa ulikuwa 13 Aprili, Jumapili yenyewe, na kanuni inasema Jumapili inayofuata, hivyo 20 Aprili. Wayahudi walianza jioni ya tarehe 12. Kiingereza kina majina mawili kwa sikukuu hizi, sisi tuna Pasaka moja tu, ndiyo maana mkanganyiko wetu ni mkubwa zaidi.

Tahadhari kwa wanaopenda kupiga hesabu ya kusulubiwa. Kalenda ya Kiyahudi ya sasa haikubali siku ya kwanza ya Pasaka iangukie Jumatatu, Jumatano wala Ijumaa. Mtu anachukua hilo anasema "basi karamu ya Alhamisi usiku haiwezekani". Hoja inavunjika, kwa sababu kanuni hiyo ni ya kalenda iliyopangwa baadaye. Wakati wa Hekalu mwezi ulitangazwa kwa mashahidi walioona mwandamo. Mgongano halisi uko ndani ya Injili zenyewe: Marko 14:12 anaifanya karamu kuwa ya Pasaka, Yohana 18:28 na 19:14 anaweka kesi ya Pilato kabla Pasaka haijaliwa.

Halafu majina yetu ya siku yanatudanganya. Jumamosi ni "mosi", ya kwanza, kwa sababu tunahesabu kutoka Ijumaa. Kwa Kiebrania Jumapili ndiyo inaitwa siku ya kwanza na Sabato ni ya saba. Saa, kinyume chake, zinatubeba: Marko 15 anaposema saa tatu, saa sita, saa tisa, ni kama saa zetu, mchana uliogawanywa kumi na mbili tangu macheo. Mzungu lazima aongeze sita.

---

Kinubi (mtoa mada)

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nanga naye kaleta uchangamfu. Swali la mwisho: kuna pendekezo jumuiya iandae "mlo wa Pasaka kama alivyokula Yesu" Alhamisi Kuu, na mwanakondoo wa kuchoma mezani. Inafaa?

---

Kalamu Tatu

Mlo mtaweza, lakini msiuite "kama alivyokula Yesu". Utaratibu wa vikombe vinne vya divai unaoonekana leo uko katika Mishna, Pesahimu sura ya 10, iliyokusanywa baada ya Hekalu kuanguka mwaka 70, na kitabu chao cha usiku ule, Hagada, kiliendelea kukua kwa karne nyingi baada ya hapo.

Huyo mwanakondoo ndiye atakayewaumbua mapema. Sadaka ya Pasaka ilichinjwa Hekaluni, na Hekalu halipo, kwa hiyo Wayahudi wengi, hasa Waashkenazi (wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki), hawali nyama ya kuchoma usiku huo, isije ikaonekana wanakula sadaka nje ya mahali pake. Mezani kunawekwa mfupa tu, na hauliwi. Wasamaria wa mlima Gerizimu ndio wanaochinja hadi leo.

Mkate mkitengeneza wenyewe, unga wa ngano na maji tu, na kutoka maji yanapogusa unga hadi kuingia kwenye oveni dakika zisizidi 18. Ukiuacha umekaa bila kuguswa unahesabiwa umeanza kuchachuka hata kama haujavimba. Kutoboa matundu juu kunasaidia usivimbe. Chapati za kawaida hazifai kwa kuwa hukandwa na kuachwa zilainike. Mwangalieni pia nani mtamwalika: hostia ya Mkatoliki haina chachu, Mwothodoksi analeta mkate uliochachuka na ana sababu zake, na mjadala huo una karibu miaka elfu moja.

---

Dada Zeri

Na mkisoma Haleli, zaburi za sifa za usiku huo, ni Zaburi 113 hadi 118. Angalieni mmeshika toleo gani, maana Biblia za Kikatoliki za zamani zilizofuata Kilatini zinaiita ya 112 hadi 117.